Laptopu ya Chuo: Usinunue kwa Macho!

Dada yangu alinipigia simu usiku kutoka Nsemulwa, pale Mpanda. Binti yake kapata chuo Dodoma, na yeye ameuza magunia ya mpunga ili mtoto apate laptopu. "Mdogo wangu, hela ndiyo hii. Ikifa hiyo mashine, hakuna nyingine mpaka amalize."

Kabla sijalala, binti naye akanitumia ujumbe wa pembeni: "Mama mdogo, kuna kaka kaahidi kuninunulia mpya kabisa. Nimwambie mama asiuze mpunga?"

Moyo ulinipiga paa! Wapenzi wasomaji, mnajua zawadi za hivyo zinavyokuja kudaiwa. Nikamjibu: "Mpunga umeshauzwa. Tutatumia hela ya mama."

Sasa kazi ikabaki kuchagua. Mimi nilishaumwa na nyoka: laptopu yangu ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, nikajiona mjanja. Kumbe RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi, na betri ilikuwa imechoka siku nyingi. Fundi alicheka. Mimi wala.

Kwa hela ya kawaida, bora mtumba wa ofisini kuliko mpya ya bei poa. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, yanazitumia miaka michache kisha yanaziuza. Sura zake za kizee, sikatai, ila fundi anazizoea na vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Kwenye prosesa ndipo watu wanapigwa. Muuzaji atakwambia, "Hiyo i5 dada, kali!" Muulize i5 ipi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu. Soma namba baada ya kistari: i5-7200U ni cha saba, iache. i5-8250U ni cha nane, endelea kuongea bei. RAM iwe GB 8, na diski iwe SSD. Ile diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na mtoto wa Mpanda atasafiri nayo kwa treni ya Kaliua na Tabora, au kwa basi. Mtikisiko wake mnaujua.

Kisha kaa nayo dukani, usione aibu. Chomoa chaja, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ulipotoka kiwandani na uliobaki leo. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Ingia kwenye BIOS. Ikikudai nywila ya ofisi iliyoitumia, irudishe kabatini hata kama bei inakulilia.

Tulipata Latitude ya kizazi cha nane, ina mkwaruzo mgongoni. Binti alinuna siku mbili kwa sababu ya ule mkwaruzo, akabandika stika, yakaisha. Hela iliyobaki tukanunua chaja ya akiba.

Yule kaka bado anapiga simu. Juzi kauliza kama laptopu haihitaji begi. Dada yangu ndiye aliyepokea.