Bwawa la Mafuriko: Litazameni Kabla ya Masika



Wengi wetu tuna mikarafuu vilimani na mpunga mabondeni. Masika yakishika, maji ya vilima vyote hukimbilia bonde moja, na mtu aweza kupoteza kwa usiku mmoja kazi ya msimu mzima. Ndiyo sababu mahali pengi duniani watu hujenga bwawa dogo la udongo upande wa juu wa bonde, ili kuyapunguza maji mwendo. Bwawa hilo ni rafiki mwema, lakini likiachwa bila ya kutunzwa huwa adui kuliko mafuriko yenyewe, kwani maji yaliyokusanyika yakitoka kwa mara moja hushuka kwa nguvu ambayo kijito chenyewe hakina. Hapa chini tutaeleza bwawa la namna hii hufanyaje kazi, huharibika vipi, na dalili zipi mkulima aweza kuziona kwa macho yake bila ya kuwa injinia.

KAZI YA BWAWA

Bwawa la mafuriko si sawa na bwawa la kuwekea maji. Siku nyingi za mwaka huwa tupu, au lina maji kidogo tu. Lina sehemu tatu. Ya kwanza ni tuta lenyewe, yaani udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka. Ya pili ni bomba lipitalo chini ya tuta. Mvua ikiwa kubwa maji huingia kwa wingi kuliko yanavyoweza kutoka kwa bomba, kwa hivyo hupanda nyuma ya tuta, kisha hutoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ya tatu ni utoro, yaani njia pana iliyochimbwa pembeni, chini kidogo ya kimo cha tuta, ili maji yakizidi yapite huko wala yasipande juu ya tuta.

Huko kuwa tupu ndiko kunakotudanganya. Bwawa la kuchotea maji hutazamwa kila siku na wachotaji, bali bwawa kavu husahauliwa mpaka siku ya mvua kubwa, na siku hiyo ndiyo siku ya mtihani wake. Mji wa Derna, nchini Libya, ulikuwa na mabwawa mawili katika bonde lake, yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuukinga na mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, katika tufani kubwa, yote mawili yalivunjika na maelfu ya watu wakafa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamekwisha onya kwamba yanahitaji matengenezo.

Hata nchi tajiri zina shida hii. Huko Marekani bwawa dogo la kwanza la mpango wa serikali wa kuzuia mafuriko mashambani lilimalizwa katika jimbo la Oklahoma mwaka 1948, na baadaye yakajengwa zaidi ya 11,000. Mengi yalipangiwa umri wa miaka 50. Sasa mengi yamekwisha upita umri huo, na mahali palipokuwa na mashamba matupu chini yake pamejengwa nyumba.

NJIA TATU ZA KUVUNJIKA

Njia ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Udongo hauvumilii maji yapitayo juu yake kwa kasi. Huanza kukatika upande wa chini, na mfereji mdogo hupanuka upesi ukawa pengo. Jambo hili hutokea utoro ukiziba kwa majani na matawi, au tuta likishuka mahali pamoja. Pia hutokea kwa tamaa: watu huuziba utoro kwa mawe au magunia ya mchanga ili wapate maji zaidi ya mpunga, au hutega mitego ya samaki humo. Mwenye kufanya hivyo huhatarisha kila mtu aliye chini ya bwawa.

Njia ya pili ni maji kupenya ndani ya tuta. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na maji machache yaliyo safi si ajabu. Maji yakitoka na rangi ya udongo, hapo yanalichimba tuta kwa ndani. Bwawa kubwa la Teton, huko Idaho nchini Marekani, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Tarehe 3 Juni yalionekana maji safi yakivuja upande wa chini. Asubuhi ya tarehe 5 Juni yakaonekana maji ya matope. Kabla ya saa sita mchana siku ile ile bwawa lilikuwa limebomoka, na watu 11 walikufa. Tangu matope mpaka maangamizi zilipita saa chache tu.

Njia ya tatu ni ubavu wa tuta kuporomoka, hasa ukiwa mkali mno au umelowa sana. Bwawa la Kelly Barnes, huko Toccoa katika jimbo la Georgia, halikuwa kubwa. Kimo chake kilikuwa futi 38 hivi. Lilivunjika usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 baada ya mvua nyingi, likaua watu 39 katika chuo kilichokuwa chini yake. Wachunguzi hawakutaja sababu moja peke yake, lakini walieleza juu ya ubavu mkali na maji yaliyopenya. Picha ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba sehemu ya ubavu huo ilikuwa imekwisha poromoka miaka minne kabla ya msiba.

MITI NA WANYAMA

Sisi ni watu wa miti, na tukiona ardhi tupu hutamani kuipanda. Juu ya tuta haifai: si mkarafuu, si mnazi, si mwembe. Mizizi hutafuta maji ndani ya tuta, na mti ukifa mizizi huoza ikaacha vishimo vya kupitia maji. Mti ukiangushwa na upepo hung'oka na udongo mwingi. Kinachofaa ni majani mafupi yenye kushika udongo, yafyekwe mara kwa mara ili tuta lionekane. Mti mkubwa uliokwisha ota usikatwe ovyo. Kwanza aulizwe mtaalamu, maana kisiki na mizizi yake vyahitaji kazi maalumu.

Mashimo ya panya na kaa, na vichuguu vya mchwa, yasidharauliwe. Kadhalika ng'ombe wasipitishwe juu ya tuta, kwani njia yao hugeuka mchirizi mvua ikinyesha.

MAMBO YA KUTAZAMA

Kila tawi lenye bwawa la namna hii lichague watu wawili na daftari moja. Walitembelee kabla ya masika, kabla ya vuli, na baada ya kila mvua kubwa, nao waandike haya:

1. Utoro u wazi?
2. Mdomo wa bomba umeziba, au bomba limepasuka?
3. Juu ya tuta pamenyooka, au pana mahali palipodidimia? Kamba na vigingi vyatosha kupima.
4. Pana ufa? Ufa ukatao tuta toka upande wa maji mpaka upande wa chini ni hatari mno. Ufa wa urefu uliopinda kama upinde waweza kuwa mwanzo wa kuporomoka.
5. Upande wa chini pana mahali pa majimaji, au majani mabichi wakati wa kiangazi? Maji yanayotoka yakingwe kwa debe, wahesabu dakika ngapi lajaa. Debe likijaa upesi kuliko mara iliyopita, na maji ya bwawa hayakupanda, pana jambo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika bwawa ufa hauzibwi kwa kubahatisha. Mahali panapovuja pasizibwe kwa udongo upande wa chini, maana maji hutafuta njia nyingine. Kwa uvujaji mdogo hutandikwa mchanga na kokoto juu yake, ili maji yapite na udongo ubaki. Mambo mengine yote ni ya injinia, naye aitwe mapema.

IKIWA HATARI IMEFIKA

Mkiona maji ya matope, au maji yanakaribia kupita juu ya tuta, watu watangulie na mali ifuate. Huko Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lilivunjika usiku wa tarehe 9 Mei 2018, msimu wa mvua, likaua watu zaidi ya 40, wengi wao majumbani mwao. Kwa hivyo yapasa kukubaliana tangu sasa: nani atapiga ngoma au kuita kwa kipaza sauti cha msikiti, watu watapanda kilima kipi, na nani atawachukua wazee na wagonjwa.

Bwawa la watu wote lisiwe bwawa lisilo na mwenyewe. Matawi yanaombwa kuleta majina ya watazamaji wao kwenye mkutano ujao wa Chama, kabla mvua haijaanza.

Katibu wa Chama