Ikisiri ya Mkutano wa Kisayansi: Kinachotakiwa na Sababu Yake

Tangu mwezi wa Agosti 2004 wavuvi wa mwambao wa Tanga, waliotega nyavu za jarife kwa ajili ya papa, walianza kupandisha samaki ambaye hawakumtarajia: mkubwa, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyo kama viungo vya mnyama. Huyo ndiye silikanti, ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu waliamini kuwa alitoweka duniani zama za madinosaria. Katika Tanzania alikuwa ametambuliwa mwaka mmoja tu uliotangulia, huko Songo Mnara, Kilwa. Kwa samaki wa namna hiyo, habari yenye thamani si uzito wake peke yake. Ni siku aliyovuliwa, mahali, kina cha maji, aina ya nyavu, na jina la mtu aliyeyaandika hayo. Mambo hayo yakikosekana, samaki aliyehifadhiwa vizuri hubaki kuwa kitu cha kustaajabiwa tu.

Mambo ya aina hiyo hiyo ndiyo yanayotafutwa na kamati ya mkutano wa kisayansi inapopokea ikisiri. Ikisiri ni maelezo mafupi ya utafiti, kwa kawaida maneno 250 au 300, ambayo mtafiti huyatuma miezi kadhaa kabla ya mkutano. Wanaoisoma hawamjui mwandishi, na mara nyingine jina lake huondolewa makusudi ili wasimpendelee. Hawawezi kumwuliza swali. Yaliyomo katika ukurasa ule ndiyo pekee wanayoyapima; na watafiti wengi chipukizi, ambao kazi yao shambani au baharini ilikuwa nzuri kabisa, hukataliwa kwa sababu kazi hiyo haikuonekana katika karatasi.

Ikisiri yapasa ieleze tatizo lililochunguzwa, njia iliyotumiwa, matokeo yaliyopatikana na maana ya matokeo hayo. Kosa lililo kubwa kuliko yote limo katika sehemu ya tatu. Mwandishi hutumia nusu ya nafasi yake kueleza umuhimu wa kilimo au wa bahari kwa taifa, jambo ambalo hakuna mjumbe wa kamati anayelipinga, kisha humaliza kwa kusema kwamba matokeo yatajadiliwa mkutanoni. Kamati haina la kupima hapo. Haiwezi hata kujua kama utafiti wenyewe umekwisha kufanywa.

Chukua mfano wa kubuni kutoka mashamba ya mkonge ya Muheza, jirani na kituo cha utafiti cha Mlingano. Mtu akiandika kwamba mbolea fulani iliongeza mavuno kwa kiasi kikubwa, hajasema kitu. Akiandika kwamba alitumia vipande 12 vya shamba, kwamba sita vilitiwa mbolea na sita havikutiwa, kwamba jaribio liliendelea kwa miaka mitatu, kisha akataja kilo za nyuzi zilizopatikana katika kila upande, msomaji aweza kuamua mwenyewe kama tofauti ni ya kweli au ya bahati. Historia ya zao lenyewe yatoa somo hilo. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida hadi Kikogwe karibu na Pangani. Kila asimuliaye habari hiyo hadi leo hutaja kwamba iliyosalimika safarini ilikuwa 62, na sababu ni kwamba mtu aliihesabu na kuiandika.

Majina ya viumbe pia huleta matata. Chewa wa mvuvi wa Tanga ni samaki wa aina nyingi, na changu vilevile. Kwa hiyo masharti hudai jina la kisayansi mara ya kwanza kiumbe anapotajwa. Jina la wenyeji lisitupwe, bali liwekwe kando ya lile la kisayansi, kwani ndilo litakalomwezesha mtafiti mwingine kurudi kijijini na kuuliza.

Lugha ni suala linalostahili kufikiriwa. Mikutano ya nchi nyingi, kama ile ya Jumuiya ya Sayansi ya Bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Zanzibar, hukusanya watu wa Kenya, Msumbiji, Madagaska na kwingineko, na Kiingereza ndicho kitumikacho zaidi. Hata hivyo mtafiti wa Tanga atafanya vema akiandika kwanza kwa Kiswahili na kumsomea nahodha aliyemchukua baharini. Nahodha akiuliza, "Sasa mliona nini?", basi ikisiri haijawa tayari kwa lugha yoyote.

Sharti la kibali halina mzaha. Utafiti unaohusu watu, kama uchunguzi wa vyandarua vilivyotiwa dawa uliofanywa Muheza katika miaka ya 1980, huhitaji idhini ya kimaadili, na katika Tanzania Bara Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa mwaka 1979, ndiyo yenye dhamana hiyo kitaifa. Mgeni anayekuja kufanya utafiti huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kurithi kazi za baraza la UTAFITI la mwaka 1968. Kibali hakiombwi baada ya kazi kumalizika. Mahali panapoulizwa nambari ya kibali pakiachwa wazi, ikisiri huweza kuwekwa kando bila kusomwa.

Jambo moja husahauliwa: daftari la shambani na vielelezo vihifadhiwe hata baada ya ikisiri kutumwa. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alimwandikia mtaalamu J. L. B. Smith barua fupi yenye mchoro wa samaki wa ajabu. Mchoro ule ulitosha kumshtua Smith. Lakini barua ilimfikia Januari 1939, na kwa sababu ya joto sehemu laini za samaki zilikuwa zimekwisha kutupwa. Samaki alipewa jina la Latimeria chalumnae, ila wataalamu walingoja hadi Desemba 1952, alipopatikana mwingine Visiwa vya Ngazija, ndipo waweze kuchunguza matumbo yake.

Kuhusu namna ya kuwasilisha, fomu humtaka mtafiti achague hotuba au bango. Bango halina hadhi ndogo. Kwa ramani na picha mara nyingi hufaa kuliko dakika 15 za hotuba. Atakayewasilisha atajwe waziwazi miongoni mwa waandishi, naye awe mtu atakayeweza kusafiri.

Mwisho ni saa ya kufunga. Tangazo likisema saa 23:59 kwa saa za Greenwich, hiyo ni saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya pili kwa saa za Tanga. Likitaja usiku wa manane bila kusema wa nchi gani, mtafiti atume siku moja kabla.