Kitabu Hakikai kwa Mtu Mmoja

Walimu husema, wachapishaji husema, na wazee wetu wenyewe husema, kwamba watu wa Mombasa hawapendi kusoma. Ushahidi wanaoutoa si wa uongo. Maduka ya vitabu ni machache, na yaliyopo huuza zaidi daftari na vitabu vya shule kuliko riwaya na diwani. Ndani ya matatu ya kutoka mjini kwenda Makupa, abiria aliyeinamia kitabu ni nadra. Sina ubishi na hayo; ubishi wangu ni juu ya kipimo. Anayemtafuta msomaji wa Mombasa kwa kutazama mtu aliyejitenga peke yake na kitabu chake, anamtafuta mahali ambapo desturi yetu haikumweka tangu hapo. Hapa kitabu kinachopendwa hughaniwa, hunakiliwa, huazimwa na kubishaniwa, na mwenye nacho huonyesha mapenzi yake kwa kumpa mwenziwe naye akionje. Nashikilia kwamba huko ni kusoma kwa haki yake, na kwamba tusipokutambua hivyo tutakupoteza huku tukilalamika kwamba hakukuwako.

Tuanze na Muyaka bin Haji. Mshairi huyu wa Mvita, yaani Mombasa, alifariki mwaka 1840 bila shairi lake hata moja kupigwa chapa. Katika miaka ya 1880, mmishonari William Taylor alipokuwa akizitafuta tungo hizo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alimkusanyia, akaziandika kwa herufi za Kiarabu na kumfafanulia yaliyokuwa magumu. Karatasi hizo zikaishia London, na diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa miaka arubaini na zaidi, basi, mashairi ya mahaba na ya siasa za watawala wa Mombasa, Wamazrui, na hasimu wao Seyyid Said yalibaki hai kwa kupokezanwa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo. Hakuna anayekihifadhi kwa muda wote huo kitu asichokipenda, na hakuna cha kuhifadhiwa namna hiyo kama kila mmoja angejiwekea chake. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, naye alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na wosia ule wa mama mmoja kwa mwana mmoja ukanakiliwa mkono kwa mkono hata ukawa wa mabinti wa Mwambao mzima. Waandishi wa khati kama Muhammad Kijuma wa Lamu walifanya kazi ya kunakili tenzi kwa ajili ya wengine, na ilikuwa kawaida ya mnakili kumwomba msomaji, mwisho wa kazi, amwombee dua. Dua hiyo huombwa na mtu anayejua kwamba kitabu kitafika mikononi mwa asiowajua.

Chapa ilipoingia haikuivunja desturi hii. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kisha Al-Islah mwaka 1932. Baadhi ya makala zake zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Aliwaandikia watu aliojua kwamba watasoma na kujadiliana barazani, na ndiyo maana makala zake zinamkabili msomaji ana kwa ana, zinamuuliza na kumkemea. Tazama pia nyumba moja ya Kuze, Mji wa Kale. Ahmad Nassir alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, kikihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mwanahistoria wa Kiswahili wa mji huu huu. Nduguye, Abdilatif Abdalla, alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na gerezani akaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, diwani ya mwaka 1973 iliyopata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Tungo za Ahmad Nassir ziliimbwa na binamu yao, Juma Bhalo, katika taarab, zikafika kwenye maharusi na kwenye redio za watu ambao hawakuwahi kukishika kitabu chake. Mtunzi, mhariri, mwimbaji na msikilizaji walikuwa wakikutana mitaani. Kwao fasihi ilikuwa mazungumzo ya mji.

Huenda mtu akasema kwamba hiyo ni habari ya Mji wa Kale na masharifu wake, na kwamba Makupa ni mji mwingine: mtaa wa kuingilia kisiwani, uliokusanya wafanyakazi wa reli na bandari kutoka kila pembe ya nchi. Ni kweli kwamba Makupa na mtaa wa Majengo hazikurithi maktaba za masheikh. Lakini nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye vyumba vinavyotazamana kwenye ujia mmoja, ua wa pamoja nyuma na baraza mbele, inawaweka wapangaji wa makabila na dini mbalimbali chini ya paa moja, na gazeti likiingia humo halina mwenyewe tena. Anayelisoma barazani hulisoma kwa sauti, na habari inayowagusa husomwa mara mbili. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ya mwaka 1969 hufunguliwa watu wakibishana juu ya aya, na Biblia husomwa kwa zamu katika jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zinazokutana nyumbani kwa waumini. Dini ni mbili, ila namna ya kusoma ni moja: mmoja anasoma, wengine wanafuatiliza, kisha kila mtu ana neno la kusema. Hata vitabu vya shule hufuata njia hiyo. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilisomwa na watoto wengi kwa kuazimana nakala moja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusikiliza si kusoma. Msikilizaji, wanasema, hupokea tu. Hawezi kurudi ukurasa wa nyuma kumhoji mwandishi. Wanaosema hivyo hawajaangalia vizuri jinsi utenzi unavyofanya kazi. Ubeti una vipande vinne. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina bahari, yaani kina kinachorudi katika kila ubeti toka mwanzo hadi mwisho. Mghani akiruka kipande au akibadilisha neno, sikio linajua papo hapo, na katika hadhira hakosekani wa kumsahihisha. Huyo hapokei tu. Analinda matini kuliko wengi wanaopitisha macho kimya. Hata hivyo nakubali sehemu ya hoja hii. Yapo mawazo yasiyozaliwa ila katika upweke, hasa yale yanayopinga wanayokubaliana wengi, na baraza inaweza kumnyamazisha mwenye shaka. Msichana anayetaka kusoma Utengano wa Said Ahmed Mohamed bila kuulizwa anasoma nini, anahitaji kiti cha maktaba. Mombasa ililijua hilo mapema: Maktaba ya Umma ya Seif bin Salim, pamoja na chumba chake cha kusomea bure, ilianzishwa mwaka 1903, miaka 28 kabla ya Maktaba ya McMillan kufunguliwa Nairobi. Baraza na maktaba hazigombani. Kila moja inampa msomaji asichokipata kwa mwenzake.

Pingamizi la pili linatoka kwa waandishi, nalo lina uchungu wa haki: kitabu kikizunguka nyumba kumi, mwandishi amelipwa mara moja. Lakini tutenganishe kuazimana na wizi. Anayemwazima jirani diwani anamtengenezea mshairi msomaji, na msomaji huyo kesho ndiye atakayenunua. Anayekitoa kitabu kizima fotokopi na kukiuza, au kukisambaza kwa simu, anakula jasho la mtu, na wala hawezi kujificha nyuma ya desturi ya wazee. Mnakili wa zamani alilipwa kwa mkono wake wakati ambapo nakala ilipatikana kwa kuandikwa upya tu. Leo nakala ipo dukani, na haki ya mwandishi inajulikana. Desturi ya kugawana itadumu pale tu ambapo kila nyumba inayopokea inajua kwamba nayo ina zamu ya kununua.

Hatari ya kweli, kwa hivyo, iko kwingine. Vijana wengi wa leo hawawezi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na karatasi alizoziacha babu zinakuwa kama za mgeni ndani ya nyumba yake. Shule nazo zimemfundisha mtoto kwamba kitabu ni mtihani, na mtihani ukiisha hukitupa. Dawa haitapatikana kwa kuwakaripia watu wa Makupa kwa kutokuwa kama wasomaji wa London. Itapatikana maktaba ikifungua saa za kughani na kujadili, madrasa zenye walimu wa khati zikiwafundisha vijana kusoma tenzi za kwao, shule zikimpa mwanafunzi nafasi ya kumsimulia mwenzake kitabu alichokipenda bila kutafuta alama, na wenye uwezo wakinunua nakala mbili, moja ya kuweka na moja ya kutoa. Watu waliomtunza Muyaka vifuani mwao kwa miaka arubaini hawahitaji kufundishwa kupenda maneno. Wanahitaji vitabu vya kutosha kuwafikia, na heshima kwa namna wanavyovisoma.