Kabla Uone Wivu kwa Wasee wa Ndege za Mabomu, Soma Hii ya Garissa 1940

Cheki ramani kidogo. Sangailu iko Ijara, kaunti ya Garissa, na ukizidi kuenda mashariki unagonga mpaka wa Somalia. Ukivuka, Kismayu iko huko baharini, na Afmadow iko juu yake kidogo. Pande zote mbili ni nyika ile ile: vichaka, vumbi, na maji ni ya kutafuta. Sasa jiweke juu yake mwaka wa 1940, ndani ya ndege ya injini moja, na kuna wasee chini wanakurushia risasi.

Italia iliingia vita 10 Juni 1940. Somalia ya kusini ilikuwa yao, Kenya ilikuwa ya Mwingereza, basi nyika ikageuka uwanja wa vita bila mwenyeji kuulizwa. Siku tatu baadaye Waitalia wakadondosha mabomu Wajir.

Majibu yalitoka sana kwa jeshi la anga la Afrika Kusini. Skwadroni ya 12 ilikuja Kenya na Junkers Ju 86, ndege za aina iliyokuwa ikibeba abiria wa South African Airways, tena zimeundwa Ujerumani! Ni kama kuchukua basi la Garissa ulifunge bunduki. Skwadroni ya 11 ilikuwa na Fairey Battle, na hapo ndio kuna stori.

Battle ilibeba watatu. Rubani mbele. Nyuma kabisa, msee wa redio, ambaye pia ndiye alishika bunduki ya kulinda mgongo. Katikati, mtazamaji, na huyu kazi yake ilikuwa noma. Kwanza yeye ndiye ramani: dira, saa na penseli, hakuna GPS. Kutoka Garissa mpaka Kismayu ni kama kilomita 320 hewani, na kati ya mto Tana na mto Juba alama za kushika ni chache sana. Ukikosea digrii kadhaa, umepotea. Halafu mkifika, analala kifudifudi chini ya kiti cha rubani, anafungua kidirisha cha sakafuni, analenga bomu huku joto la rediata likimpiga usoni.

Na hiyo rediata ndiyo ilikuwa shida. Injini ilipozwa kwa maji maji. Risasi moja hapo, inachemka, inazima. Ile Juni, rubani R. H. Preller wa Skwadroni ya 11 alipigwa upande wa Afmadow akalazimika kutua nyikani. Yeye na wenzake walijikuta kwa miguu, nyuma ya mistari ya adui, na mpaka wa Kenya uko mbali. Walikaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuokoka. Preller akapewa nishani ya DFC.

Kitu hauwezi kuona kwa hizo picha za marubani ni Mwafrika mweusi. Afrika Kusini haikumruhusu kurusha ndege. Wetu walikuwa chini, KAR, bunduki begani. Kismayu ilipochukuliwa 14 Februari 1941, jeshi lililotoka Kenya lilikuwa limevuka nyika ile ile kwa malori na miguu, na maji yakipimwa.