Tone la Maji Lililopiga Hesabu

Paukwa! Haya, mkishaitikia "pakawa", sogeeni karibu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo ni hadithi ya tone la maji lililopiga hesabu bila betri, bila waya na bila kioo cha kubonyeza. Na msidhani ni uganga, maana kisa chenyewe kilichapishwa katika jarida la Science, Novemba 1994.

Mwenye tone hilo ni Leonard Adleman, profesa wa Chuo Kikuu cha Southern California, jijini Los Angeles. Kabla ya hapo alikwisha kupata jina kwa jambo jingine. Mwaka 1977, yeye na wenzake Ron Rivest na Adi Shamir walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba, njia iliyokuja kulinda barua na fedha za watu kwenye intaneti. Kwa hesabu, basi, alikuwa fundi. Kwa baiolojia alikuwa mbumbumbu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Lakini utafiti wa virusi vya UKIMWI ulimvutia, akaamua kuwa haya haijengi: akaingia maabara kujifunza upya, mtu mzima na umaarufu wake.

Usiku mmoja alikuwa kitandani akisoma kitabu cha James Watson kuhusu jeni. Akafika mahali panapoeleza jinsi DNA inavyonakiliwa. DNA, wanangu, ni uzi mwembamba mno uliomo ndani ya seli za kila kiumbe, na juu yake kuna maandishi ya herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi hizo zina wenza wao. A hushikana na T, G hushikana na C, na hakuna kubadilishana. Seli inapotaka nakala, kimeng'enya kimoja huupanda uzi, husoma herufi, huandika mwenza wake pembeni, kisha husogea hatua moja mbele. Husoma, huandika, husogea.

Adleman akashtuka. Mashine ya namna hiyo aliijua! Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alijiuliza: kupiga hesabu ni kufanya nini hasa? Akawaza mashine ya kufikirika tu, yenye utepe mrefu wa alama na kichwa kinachosoma alama, kuandika nyingine na kusogea, kwa kufuata kanuni chache. Turing akatoa hoja kwamba kifaa hicho duni kinatosha kwa hesabu yoyote inayofanyika hatua kwa hatua kwa kanuni. Sasa Adleman anaona kitu cha ukoo huohuo ndani ya seli. Usingizi ukakatika.

Akachagua fumbo la kujaribia. Kuna miji saba na njia 14, kila njia ni ya kwenda upande mmoja tu. Umeambiwa mji wa kuanzia na mji wa kumalizia. Je, unaweza kupita kila mji mara moja, bila kuruka wowote wala kurudia? Kwa miji saba, hata wewe utaweza kwa penseli. Ubaya ni kwamba miji ikiongezeka, njia za kujaribu huongezeka kwa kasi ya kutisha, hadi kompyuta kubwa zinasalimu amri.

Sasa tegeni sikio, maana utamu uko hapa. Baadaye Adleman alieleza ujanja wake kwa mfano mdogo wa safari za ndege, nasi tuufuate. Kila mji unapewa jina la herufi za DNA. Atlanta ni ACTTGCAG. Boston ni TCGGACTG. Safari ya kutoka Atlanta kwenda Boston hupewa nusu ya mwisho ya Atlanta na nusu ya kwanza ya Boston: GCAGTCGG. Safari ya kutoka Boston kwenda Chicago nayo huanza na nusu ya mwisho ya Boston, ACTG. Bado kiungo. Chukua jina la Boston, andika wenza wa kila herufi, utapata AGCCTGAC. Huo ni uzi wa gango. Nusu yake itang'ang'ania mkia wa safari ya kwanza, nusu nyingine itang'ang'ania kichwa cha safari ya pili, na safari mbili zitakuwa moja. Mtu hapangi chochote. Herufi zenyewe zinatafutana majini.

Katika jaribio lenyewe, kila mji ulikuwa na herufi 20. Adleman alitia nyuzi za kila aina, takriban trilioni 100 kwa kila moja, ndani ya tone lililo sehemu ndogo tu ya kijiko cha chai. Akaongeza chumvi kidogo na kimeng'enya cha kugandisha viungo. Kufumba na kufumbua, nyuzi zikashikana kila namna, zikajaribu njia kwa mamilioni ya mamilioni kwa wakati mmoja. Jibu likawa tayari limo mle ndani.

Limo, lakini wapi? Limezama katika takataka! Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwanza akazidisha nakala za nyuzi zilizoanza na kuisha kwenye miji sahihi. Kisha akazipitisha kwenye jeli yenye umeme, ambamo nyuzi fupi hutangulia na ndefu huchelewa, akachukua zenye herufi 140 tu, yaani miji saba mara 20. Halafu, mji mmoja baada ya mwingine, akatumia vipunje vya sumaku vilivyobandikwa gango la mji huo. Uzi wenye mji ulinasa, usio nao ukaoshwa. Kilichobaki mwishoni ndicho jibu. Kazi hiyo ya maabara ilimla siku saba.

Msishangilie kupita kiasi. Mtaalamu Juris Hartmanis alipiga hesabu akaonyesha kuwa kwa miji 200, njia hii ingehitaji DNA nzito kuliko dunia nzima. Kompyuta ya mezani haikutishika. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 2004 kundi la Ehud Shapiro, Israeli, lilionyesha kompyuta ya molekuli iliyotambua dalili za saratani ndani ya tyubu na kuachia molekuli ya dawa. Mwaka 2011 Lulu Qian na Erik Winfree, Marekani, walitumia nyuzi 130 za DNA kukokotoa kipeuo cha pili. Mashine hizi ni za polepole, ila zinafaa kwenye maji ya uhai, mahali ambapo waya haufiki.

Shuleni daftari la baiolojia na la hisabati hukaa mbalimbali. Msiyaache yasijuane, kwa sababu ugunduzi huu ulitokea pale yalipokutana kichwani mwa mtu mmoja asiyeona aibu kuanza upya.

Na sasa zamu yako. Jina la Chicago ni GGCTATGT. Chukua penseli uandike gango lake. Ukipata CCGATACA, umepatia.