Jembe Si Mazoezi: Yoga, Kiuno na Mwalimu wa Umri wa Makamo

Mama wa miaka arobaini na minane au hamsini na miwili anayefika kwetu fiziotherapia akitokea Dumila huwa na maelezo ambayo wenzake wengi wameshayatoa. Kiuno kinakata. Akiinama hainuki mara moja. Usiku hawezi kujigeuza bila kushika ubao wa kitanda. Ameshachomwa sindano na kumeza diklofenaki za dukani hadi tumbo nalo limeanza kuuma. Ukimwambia anahitaji mazoezi, anakutazama kwa mshangao: "Mimi nalima, dokta. Nifanye mazoezi gani tena?"

Swali lake ni la haki. Wanaoitangaza yoga mara nyingi hawalijibu, kwa kuwa wamezoea kusema na watu wa ofisini, ambao maradhi yao yanatokana na kukaa. Dumila watu hawakai. Mji upo kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, pale inapochepuka njia ya Kilosa, na unaishi kwa mahindi, mpunga, vitunguu na nyanya. Mwanamke wa hapo hupalilia kwa jembe la mkono, hupandikiza mpunga akiwa ameinama kwenye maji, hubeba mazao kichwani, na akirudi nyumbani ndoo na kuni zinamsubiri. Nguvu anazo. Shida iko kwenye namna nguvu hizo zinavyotumika.

Mtafiti wa Denmark, Andreas Holtermann, na wenzake wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi. Walichokiona ni kwamba kutumia mwili kazini na kutumia mwili mazoezini havileti faida sawa. Mara nyingine kazi nzito huambatana na afya mbaya, ilhali mazoezi ya hiari huambatana na afya njema. Shambani si mwili unaoamua mzigo uwe mzito kiasi gani au mapumziko yawe saa ngapi. Palizi ndiyo inayoamua, na mvua.

Tuangalie kinachotokea mgongoni wakati wa kupalilia. Mtu akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo huacha kufanya kazi na uzito wa kiwiliwili huning'inia kwenye ligamenti na diski zilizo kati ya pingili. Hilo halina madhara kwa dakika chache. Likiendelea kwa saa kadhaa, ligamenti hulegea taratibu na kwa muda huwa hazina uwezo wake wa kawaida wa kuzishikilia pingili. Ndiyo maana kiuno cha wengi hakivunjiki katikati ya kazi, bali mwishoni, pale mtu anapoacha jembe na papo hapo kuinua gunia au ndoo. Ushauri wa kwanza ninaoutoa hauhusu yoga hata kidogo: ukimaliza mstari, simama, weka mikono kiunoni, jivute nyuma polepole mara tano au sita, kisha tembea kidogo kabla ya kunyanyua chochote.

Yoga huanzia hapohapo. Humchukua mtu aliyekunjwa mbele kutwa nzima na kumpeleka pande ambazo kazi haimpeleki: nyuma, kando, kujizungusha, kunyoosha nyonga, kuamsha misuli ya makalio na ya tumbo. Hufanya hivyo kwa mwendo wa pole unaofuata pumzi, na mtu ana ruhusa ya kusimama pale panapouma. Kwa mkulima, ruhusa hiyo ni jambo kubwa, maana shambani hajawahi kupewa.

Je, inaponya? Hapa sitaki kutia chumvi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Karen Sherman walichapisha matokeo ya watu 228 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Baadhi walifundishwa yoga, wengine mazoezi ya kujinyoosha, na wengine wakapewa kitabu cha kujisomea. Waliofanya yoga walipata nafuu kuliko wa kitabu. Lakini waliojinyoosha nao walipata nafuu ileile. Mwaka 2017 Robert Saper na wenzake huko Boston walilinganisha yoga na fiziotherapia kwa watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, na yoga haikuachwa nyuma. Mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya vidonge kwa kiuno kinachouma zaidi ya miezi mitatu. Mapitio makubwa ya tafiti, ya mwaka huo pia, yalionyesha kuwa nafuu ipo ila si kubwa sana, na kwamba wachache huongezewa maumivu na yoga yenyewe. Mimi nakubaliana na picha hiyo. Kinachotibu ni mwendo wenye mpangilio, unaorudiwa, usiotisha, na yoga ni njia mojawapo nzuri ya kuufikia. Sababu yangu ya kuipenda kwa Dumila ni nyepesi: haihitaji mashine wala umeme, na mwalimu mmoja anaweza kufundisha watu ishirini kwa pamoja.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa hushangaa wakilisikia. Maumivu yaliyodumu miaka mitatu huenda hayatoki tena kwenye jeraha. Jeraha limekwishapona, ila mfumo wa fahamu haujatulia. Ni sawa na mlinzi aliyevamiwa usiku mmoja, na tangu hapo kila jani likianguka anapiga kelele za mwizi. Wasiwasi, kukosa usingizi na msiba vyote humzidishia hofu mlinzi huyo. Dumila inazijua hofu: mafuriko ya Januari 2014 yalizoa nyumba na mashamba hapo na katika Magole jirani, yakavunja daraja na kukata barabara ya Dodoma. Mwili uliopitia mambo kama hayo hukaza misuli hata pasipo mzigo.

Pumzi ndiyo njia ya karibu zaidi ya kumtuliza mlinzi huyo. Tunapovuta hewa moyo huenda kasi kidogo, na tunapoitoa hupungua, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni. Kwa hiyo, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, moyo hupata muda mrefu zaidi wa kupoa. Mama alale chali kwenye mkeka, miguu aiegemeze juu ya kigoda ili magoti na nyonga vikunjike sawasawa, na khanga iliyokunjwa iwe chini ya kichwa. Mkono mmoja uwe tumboni. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe akihesabu hadi sita, bila kulazimisha. Dakika za mwanzo tumbo huwa gumu kama ubao. Baadaye mkono huanza kupanda na kushuka, mabega yanagusa mkeka, na mara nyingi hufuata mguno au miayo. Wapo wanaolia. Mwalimu asiwaharakishe.

Kisha apige magoti na kuweka viganja chini, akivuta hewa aushushe mgongo, akiitoa auinue kama paka anayejinyoosha. Kisha alale chali tena, nyayo chini, anyanyue makalio na kuyashusha pingili kwa pingili. Haya matatu yanatosha kwa wiki mbili za kwanza. Kusimama kwa kichwa na kukunja miguu mabegani tuwaachie wanaotaka picha.

Umri huu kwa wanawake unagongana na kukoma hedhi, ambako kwa kawaida huja kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa hupoteza uimara kwa haraka kwa miaka kadhaa, usingizi huharibika, na joto hupanda ghafla usoni na kifuani. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wiki 12 za yoga hazikupunguza idadi ya mapigo hayo ya joto, ila zilisaidia usingizi. Hiyo si faida ndogo, kwani anayelala vizuri huvumilia maumivu zaidi na hupunguza vidonge. Kwa upande wa mifupa, mwenye hatari ya kuvunjika asijikunje mbele kwa nguvu wala kujizungusha kwa kasi. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au presha ya macho, asiweke kichwa chini ya moyo.

Sasa nije kwa mwalimu, kwani hapa ndipo pana pengo. Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 2007 Paige Elenson, Mmarekani, alianzisha Africa Yoga Project jijini Nairobi, na vijana wa mitaa ya kipato cha chini wakafundishwa kuwa walimu, kisha wakapeleka madarasa ya bure mashuleni, magerezani na mitaani. Tangu 2014 Lamu nayo, mji wa Kiislamu wa zamani, imekuwa mwenyeji wa tamasha la yoga. Kazi ya Nairobi naiheshimu sana. Lakini mwalimu wa miaka ishirini na miwili, mwepesi kama mwanasarakasi, si yule ambaye mama mwenye magoti yanayolia atathubutu kulala mbele yake. Dumila inahitaji mwalimu ambaye naye anaitwa mama au bibi, aliyewahi kushindwa kunyanyua ndoo, anayejua uchovu wa palizi ya pili. Akisema "shuka polepole, goti likigoma acha", wanamwamini.

Historia ya yoga inamuunga mkono. B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa India aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mtoto mgonjwagonjwa, akipitia malaria, taifodi na kifua kikuu, na alianza yoga akiwa kijana ili apate afya. Ndiye aliyeeneza matumizi ya mikanda, vitofali na viti ili mwili usioweza kufika usaidiwe ufike. Kwetu mkanda ni khanga na kitofali ni kipande cha gogo kilichopigwa randa.

Kozi ya msingi inayotambuliwa na Yoga Alliance, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1999, ni ya saa 200. Saa hizo zinatosha kuongoza darasa la watu wenye afya. Hazimfanyi mtu kuwa tabibu. Mwaka 2016 chama hicho chenyewe kiliwataka walimu wake waache kujitangaza kwa jina la watabibu wa yoga, na chama cha kimataifa cha watabibu hao kinadai saa nyingine zisizopungua 800. Mwalimu wa Dumila basi afanye kazi bega kwa bega na kituo cha afya, na ajue nani asimguse. Mgonjwa mwenye ganzi sehemu za siri, aliyeshindwa kuzuia mkojo, au ambaye miguu inapoteza nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na katika wilaya yenye wafugaji wengi kama Kilosa, homa inayokuja na kuondoka pamoja na kiuno kuuma, kwa mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, inaweza kuwa bruselosisi. Hayo hutibiwa kwa dawa, si kwa mkeka.

Suala la imani lizungumzwe mapema na wazi. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008, na wapo wachungaji wenye wasiwasi uleule, kwa sababu yoga imetoka katika mapokeo ya dini za India na baadhi ya madarasa huimba mantra. Kiuno hakihitaji mantra. Mwalimu afundishe mikao na pumzi, atumie majina ya Kiswahili, awaalike imamu na mchungaji waje waone kabla darasa halijaanza, na atenge wanawake na wanaume wenyewe wakitaka hivyo. Atakayebaki na shaka moyoni asishurutishwe. Mazoezi ya kujinyoosha yatamfaa vilevile.

Tafiti nyingi nilizozitaja zilichukua wiki 12, na kalenda ya Dumila ina nafasi hiyo. Mpunga ukishavunwa, kuanzia mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Septemba, jioni huwa na nafasi na ardhi ni kavu. Darasa likikutana mara mbili kwa wiki katika ukumbi wa shule au chini ya mwembe, na kila mtu akafanya robo saa nyumbani siku nyingine, kiuno kitakuwa kimepata miezi mitatu kamili ya maandalizi kabla ya watu kurudi kusafisha mashamba kungojea mvua za vuli.