Fahamu: Kichefuchefu cha mimba hutoka wapi, na lini ukimbilie hospitali

Kwa miaka mingi mjamzito anayetapika ameambiwa anadeka. Si kweli. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Marlena Fejzo wa Marekani, Stephen O'Rahilly wa Cambridge na wenzao: chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, inayomiminwa kwa wingi na mimba. Mwanamke aliyekuwa nayo kidogo kabla ya kushika mimba huumia zaidi, maana mwili wake haujaizoea.

Hali hii kwa kawaida huanza kama wiki ya 6 na wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 16 na 20. Kwa aliyeko Mvumi, mkoani Dodoma, msaada wa kwanza uko jikoni: uji mwepesi wa uwele, vijiko vichache kabla hujainuka kitandani, kisha kidogo kidogo kutwa nzima, tumbo lisikae tupu. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikikushinda, mwingine apike. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchafua moyo, vimeze usiku baada ya chakula, usiviache. Udongo wa kichuguu na ule uitwao pemba, usile: huzuia madini ya chuma, na huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi.

Homa si kichefuchefu cha mimba, kapime malaria. Na kama hata maji hayakai tumboni siku nzima, mkojo umekolea, au kizunguzungu kinakuangusha ukisimama, usingoje tarehe ya kliniki. Baba, mpeleke Hospitali ya Mvumi leo hii.